Nilivyoisakinisha FreeBSD kwenye mashine pepe, na kobe aliyenichelewesha

Duka ninalofanyia kazi liko ghorofa ya pili ya jengo moja la River Road, Nairobi, na kazi yetu ni uchapishaji: kadi za harusi, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi, yaani vijitabu vya ratiba ya ibada, ambazo mteja huzileta jioni akizitaka asubuhi. Mwaka jana diski iliyohifadhi kazi za wateja ilikufa ghafla, tukalazimika kuwapigia watu simu na kuwaomba watutumie upya picha za marehemu wao, jambo ambalo singependa kulirudia. Mimi ni mtunza hesabu, lakini kwa kuwa ndiye ninayeielewa kompyuta afadhali kidogo kuliko wenzangu, jukumu la kutafuta dawa lilinishukia mimi.

Nilikuwa nimesoma kuhusu ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili unaoweza kuandika nakala ileile kwenye diski mbili kwa pamoja, na ambao hukagua kila kipande cha data kinaposomwa ili kujua kama kimeharibika. FreeBSD, mfumo wa uendeshaji wa programu huria ulioanza mwaka 1993 kutokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umekuwa na ZFS tangu toleo la 7.0 la mwaka 2008. Kabla ya kumwomba bosi pesa za kununua mashine, nilitaka niujaribu kwanza bila kuigusa Windows iliyomo katika kipakatalishi changu, na njia ya kufanya hivyo ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Ile halisi huitwa mwenyeji na ile ya ndani huitwa mgeni. Nilichagua VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, kwa kuwa hailipishwi. Kipakatalishi chenyewe ni cha mtumba, aina tunayoiita ex-UK, nilichokinunua Luthuli Avenue kikiwa na kichakataji cha Intel, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na Windows 11.

Upakuaji haukunisumbua sana, ila faili ya usakinishaji ni takriban gigabaiti moja na mara ya kwanza bando liliisha katikati. Nilipoirudia usiku kwa mtandao wa dukani nilihakikisha kuwa imefika nzima kwa kuandika certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256, na kulinganisha herufi na tarakimu 64 nilizopewa na zile zilizochapishwa na mradi wenyewe. Zilifanana. Nalitaja hili kwa sababu baadaye, mambo yalipoharibika, angalau nilijua kwamba faili haikuwa na kosa.

Yaliharibika mara moja. Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, mashine pepe ilikataa kuamka na kunionyesha maandishi VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Nami, badala ya kuyasoma, niliyachukulia kama kelele. Kwa siku nne nilimshughulikia mgeni: nikampunguzia kumbukumbu, nikamwongezea, nikabadilisha kadi ya picha, nikamfuta na kumuunda upya, na safari moja nikamchagulia aina ya biti 32 kwa kudhani kwamba iliyo ndogo itakuwa nyepesi. Hakuna kilichobadilika, kwa kuwa tatizo halikuwa kwake hata kidogo.

Mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa kompyuta, alinipigia simu Jumamosi kunijulia hali, nami nikaanza kumsimulia mateso yangu tangu mwanzo. Alinikatiza kwa upole.

"Shangazi, samahani. Usinieleze maana yake. Nisomee tu kilichoandikwa, herufi kwa herufi."

Nikamsomea. Akaniambia nifungue Meneja wa Kazi wa Windows, niingie sehemu ya utendaji, niangalie upande wa kichakataji kama uwezo wa mashine pepe umewashwa. Ulikuwa umezimwa. Alinifafanulia kwamba vichakataji vya Intel vina uwezo huo, uitwao VT-x, tangu mwaka 2005, na vya AMD vikaupata mwaka uliofuata, lakini BIOS ya kompyuta, yaani programu ndogo inayoiamsha kabla ya Windows, inaweza kuuzima, na aliyeimiliki kompyuta yangu kabla yangu huenda aliuzima au hakuwahi kuuwasha. Niliizima kompyuta, nikaiwasha nikibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, nikapekua kurasa za buluu mpaka nikaupata mstari wa Intel Virtualization Technology chini ya sehemu ya usalama, mahali ambapo singeutafuta kamwe, nikauwasha na kuhifadhi. Windows ilipofunguka, Meneja wa Kazi bado alisema umezimwa. Mpwa akaniambia kwamba baadhi ya kompyuta hazilikubali badiliko hilo mpaka umeme ukatike kabisa: nizime, nichomoe waya, ningoje nusu dakika. Safari hii ilikubali.

Nilipoiwasha mashine pepe ilinijibu kwamba kichakataji hakina uwezo wa biti 64. Hapo nilijua la kufanya bila kumpigia mtu simu: ilikuwa ile aina ya biti 32 niliyoichagua mwenyewe katika siku zangu za kubahatisha. Nilibadilisha ikawa biti 64 na kisakinishaji cha FreeBSD kikafunguka.

Kilifunguka, lakini kilikwenda polepole mno. Nilibonyeza mshale wa kushuka na kuhesabu hadi tano kabla alama haijasogea. Kufungua vifurushi vya mfumo, kazi niliyokuwa nimesoma kuwa ni ya dakika chache, kuliendelea tangu nilipomaliza chakula cha mchana hadi magari ya jioni yalipoanza kujaa pale nje, na bado mstari wa maendeleo ulikuwa katikati. Nilirudia tabia yangu mbaya na kumwongezea mgeni kumbukumbu hadi gigabaiti 6, kwa hiyo mwenyeji naye akaanza kukwama, hata kishale cha panya kikawa kinarukaruka. Ndipo nilipoona, kwenye ukingo wa chini wa dirisha la VirtualBox, upande wa kulia kati ya vialama vidogo, mchoro wa kobe wa kijani. Nilikuwa nimempita macho mara nyingi nikidhani ni pambo.

Kobe huyo ni taarifa. Anamaanisha kwamba VirtualBox haikishiki kichakataji moja kwa moja, kwa sababu Windows yenyewe imekwisha kukishika kwa teknolojia yake ya mashine pepe, iitwayo Hyper-V, na kuilazimu VirtualBox kupitia mgongoni mwake. Mimi sikuwahi kuwasha Hyper-V, lakini ulinzi wa Windows 11 uitwao uadilifu wa kumbukumbu huitumia kimyakimya, na huo ulikuwa umewashwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu ilibidi mwenyeji atibiwe kwanza ndipo mgeni aingie.

Niliuzima ulinzi huo katika mipangilio ya usalama, kisha nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, amri ya kuizuia Hyper-V isiwake pamoja na Windows. Nikaifunga kompyuta na kwenda nyumbani Kahawa West. Asubuhi niliiwasha, na kobe alikuwa palepale. Nilikaribia kulia. Sababu yake niliipata baadaye, na ni ya kuudhi: unapoizima Windows kwa njia ya kawaida, huhifadhi kiini chake kwenye diski ili iwake haraka kesho yake, kwa hiyo haianzi upya kikweli, anayetaka badiliko kama hili lishike sharti achague kuwasha upya. Yaani tatizo la kwanza lilitaka nizime kabisa na wala nisiwashe upya, na la pili likataka nizime kidogo tu kwa kuwasha upya. Niliwasha upya, kobe akatoweka, na mahali pake pakaja mchoro wa kichakataji wenye herufi V. Usakinishaji ulimalizika kabla chai yangu haijapoa. Ni lazima niseme kwamba ulinzi nilioufunga una kazi yake, na singeufunga kwenye kompyuta ya dukani tunayolipia bili na mishahara; nilikubali hasara hiyo kwa kipakatalishi cha majaribio tu.

Usakinishaji huo niliufanya mara mbili, kwa sababu nilisahau kuiondoa faili ya usakinishaji kwenye kiendeshi cha kuigiza, na mashine ilipowaka tena ikanirudisha kwenye ukurasa wa kwanza nami nikadhani imeshindwa. Mtandao nao ulikuwa na kitendawili kidogo: mgeni alipata anwani 10.0.2.15 na aliweza kutoka nje, lakini mwenyeji hakuweza kumfikia, kwa kuwa katika mpangilio wa mtandao uitwao NAT mgeni hukaa nyuma ya ukuta. Nilielekeza mlango wa mtandao (port) 2222 wa mwenyeji kwenye mlango 22 wa mgeni, nikaweza kuingia na kupeleka faili.

Baada ya hapo nilifanya jambo lililonileta. Nilimwongezea mgeni diski mbili za kuigiza za gigabaiti 10 kila moja, nikaandika zpool create hifadhi mirror ada1 ada2, amri ya kuziunganisha ziwe hifadhi moja ya ZFS yenye nakala ileile pande zote mbili, na kuweka humo kazi halisi za dukani. Siku ya Jumatatu nilimwita bosi, ambaye sote humwita Mzee, nikaizima mashine pepe mbele yake, nikachomoa diski moja katika mipangilio, nikaiwasha tena. Amri ya zpool status ilionyesha neno DEGRADED, yaani hifadhi imepungukiwa lakini bado inafanya kazi, na mahali pa jina la diski iliyokosekana pakawa na nambari ndefu isiyosomeka.

"Sasa hiyo si imekufa?" Mzee aliuliza.

"Moja imekufa, Mzee. Chagua faili yoyote."

Alichagua programu ya mazishi ya wiki iliyopita. Niliivuta kupitia mlango 2222, ikafunguka, kurasa zote nane pamoja na picha. Nikairudisha ile diski, na baada ya kuwasha tena, FreeBSD ilinakili yenyewe kilichopungua na kuandika ONLINE, yaani mzima. Mzee aliinama akaisoma skrini kwa muda, kisha akatoa kalamu mfukoni na kuniuliza diski mbili za kweli ni pesa ngapi.