Nilivyokataa Kulipia Jeni za Wazungu

Wenye ushauri wa bitiruti na kitunguu saumu, keti kando kidogo. Mimba zangu zilichelewa kuingia, zikiingia zinatoka baada ya wiki ya kumi, na kila shangazi alijua sababu: "damu nzito". Kuna mama Gikomba alitaka kuniuzia unga wa kusafisha mishipa kwa bei ya mbuzi.

Kliniki ya kwanza ya uzazi walikuwa tayari kunipandikiza kiinitete bila kuuliza hizo za awali zilitokaje. Nilipouliza mimi, wakatoa karatasi ya vipimo vya jeni tele, bei yake kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Juu kabisa, Factor V Leiden, hitilafu ya jeni inayofanya damu igande kwa urahisi. Nikaenda kusoma: mabadiliko hayo ya jeni yalitambuliwa mwaka 1994 Leiden, Uholanzi, yako zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, na kwetu Waafrika ni nadra sana. Mimi ni wa Kitui, na ukoo wetu naujua hadi kwa babu wa babu. Nikarudisha karatasi.

Daktari wa damu huko Upper Hill alianza na vipimo vitatu tu: lupasi antikoagulanti, antibodi za kadiolipini na za beta-2 glikoproteini. Zote tatu ni antibodi, yaani protini za kinga, ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, na zinaweza kugandisha damu na kuharibu kondo la nyuma. Pimeni kabla hamjaanza heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana inavuruga majibu ya lupasi. Yangu yakatoka chanya. Mume wangu akataka dawa siku hiyo hiyo. Daktari akasema turudie baada ya wiki 12, kwa kuwa hata maambukizi ya kawaida huweza kuzipandisha kwa muda. Tukarudia. Chanya tena.

Nikawekwa kwa aspirini ndogo, na mimba ya IVF (ya kupandikizwa kiinitete) ilipoonekana, sindano ya enoksaparini, aina ya heparini, kila siku. Basi mama mkwe akaja kutusaidia. Akaona sindano kabatini, akakumbuka insulini ya marehemu mzee, akazihamishia friza, katikati ya omena na nyama ya Krismasi. Asubuhi nakuta barafu tupu! "Mwanangu, nimekuhifadhia dawa," ananiambia, anatabasamu. Dawa hii hukaa kabatini tu, na ikiganda ni ya kutupa. Pakiti nzima, elfu kadhaa, ikaenda. Kumkemea sikuweza; nilifunga kabati kwa kufuli la baiskeli, nikamwambia ni kwa sababu ya watoto wa jirani.

Kudunga nilijifunza haraka. Finya tumbo, kaa mbali na kitovu, badilisha upande kila siku. Kile kiputo cha hewa ndani ya sindano usikitoe. Na usisugue! Mimi nilisugua nikawa na madoa kama ramani ya kaunti. Ulizeni bei mjini pia, duka la chini ya kliniki linachinja.

Binti yangu anatambaa sasa. Baada ya kujifungua niliendelea kujidunga kwa wiki 6, kwa sababu damu huganda kwa urahisi wakati huo.

Rafiki wa chama, ambaye IVF yake ilifeli na vipimo vyake vitatu ni safi, aliniomba sindano zilizobaki "ajaribu bahati". Heparini haijathibitishwa kumsaidia mtu kama yeye, ila kumwaga damu inaweza. Nilikataa, akaninunia mpaka zamu yangu ya kupokea pesa ilipofika.