Koma moja ilivyomeza milioni ya chama

Jumamosi asubuhi niko ndani ya mat natoka Rongai, tumekwama hapo Bomas kama kawaida, simu inalia. Ni mweka hazina wa chama cha mamangu na hata salamu hakumaliza: "Kijana wangu, hii programu yako inasema tuko na shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Hizo zingine umepeleka wapi?"

Wueh. Chama kilikuwa na 1,250,000, mama wako karibu kununua ploti!

Nikafungua laptopu palepale kwa magoti, kumbe ni laini moja ya JavaScript niliandika usiku nikisinzia: parseFloat(kiasi.replace(",", "")). Replace ndio ya kutoa koma, parseFloat ndio ya kugeuza maandishi kuwa namba. Ukiangalia haraka haina makosa, lakini replace ukiipa stringi ya kawaida (yaani maandishi tu) inashughulikia ile koma ya kwanza tu halafu inaenda zake, so "1,250,000" inakuwa "1250,000", na parseFloat ikigonga ile koma imebaki inasimama hapohapo inakupa 1250 bila hata kukohoa. Afadhali ningetumia Number, ingenipa NaN (yaani "hii si namba") nijue kumeharibika. Na si ati sikujaribu, niliweka 3,000, 45,000, hata 980,000, zote zikapita, sababu chini ya milioni koma ni moja tu. Bagi ilikuwa imekaa inangoja hawa mama watajirike.

Nimeweka replaceAll(",", ""), iko kwa JavaScript tangu ES2021, toleo la mwaka 2021. Brauza ya kitambo itataka replace(/,/g, ""), na hiyo g ya kusema "toa zote" ndio mimi husahau kila siku. Kwa replaceAll ukiweka rejeksi (hiyo ya mikwaju, kama /,/) bila g inakurushia kosa la TypeError, angalau hiyo inapiga kelele.

Halafu nikaisave, sasa inasoma shilingi 1! Nilikuwa nimeita replaceAll nikasahau kushika jibu lake, na stringi yenyewe haibadiliki, unapewa mpya, so parseFloat ikasimama kwa koma ya kwanza.

Nikipekua zingine nikapata replace("0", "254") kwa namba za simu. Mtu akiandika yake bila sifuri ya mbele, na iko na sifuri ndani, 254 inachomekwa katikati ya namba, sijui SMS zetu zimekuwa zikienda kwa nani. Sasa ni /^0/, inagusa sifuri ya mwanzo peke yake.

Nikampigia mweka hazina nikamwambia pesa imerudi.

"Imerudi kutoka wapi na iko benki? Mimi bado naandika kwa kitabu."