Gia boksi ya auto inapochemka mlimani

Pikapu yangu ya auto hushusha mawese kutoka Manyovu hadi Kigoma mjini na kurudi na saruji. Wiki jana, tukipanda, taa ya joto la gia boksi iliwaka na gia zikaanza kuchelewa kuingia. Mshale wa joto la injini haukusogea.

Fundi mmoja alitaka tushushe gia boksi nzima. Nilikataa, kwanza oili! Gari likiwa la moto, injini ikiunguruma, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi. Kiwango sawa, wekundu umefifia kidogo, hainuki kuungua. Ingefanana na chai ya maziwa, ningejua maji ya rejeta yamepenya, na hapo gari halisogei tena.

Nikafungua grili. Kipoza oili ya gia boksi kilichoko mbele ya rejeta kilikuwa kimezibwa na vumbi jekundu na mbegu za nyasi. Tulikisafisha kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma, mapezi yasipinde. Mlima uleule, mashine ya kupimia joto la oili ikasoma nyuzi 95 badala ya 125. Oili nimebadilisha pia, maana ikivuka nyuzi 120 huchakaa haraka.

Sasa nikipanda na mzigo naweka gia ya 2: mwendo ukiwa mdogo kwenye gia kubwa, toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi) inateleza, na joto linazaliwa humo.