Saa kumi na nne angani, na maziko ya Alasiri

Ami yangu aliniandikia wiki iliyopita maneno ambayo bado yananiuma: "Siku hizi New York na Nairobi ni ndege moja tu. Ungetaka kumzika nyanyako, ungefika." Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa ni ndugu wa baba yangu, lakini hesabu yenyewe naiweka hapa, maana najua si mimi peke yangu niliyeambiwa hivyo.

Ni kweli kwamba ndege ya moja kwa moja ipo tangu Oktoba 2018. Mwendo ni kilomita zipatazo 11,800, nayo hukaa angani takriban saa 14 ikija Nairobi na saa 15 ikirudi huku, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikaisukuma ile inayokwenda nyumbani na kuizuia ile inayotoka.

Nyanya alifariki mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri ya Mombasa. Hapa Jersey City, jirani na New York, ilikuwa saa nne ya usiku uliotangulia, kwani majira ya joto tunapishana kwa saa 7. Wazee waliamua azikwe baada ya Alasiri, saa kumi jioni, na walifanya vyema, kwa sababu maiti haicheleweshwi. Kutoka kufariki hadi kuzikwa ni saa 11. Hata kama ndege ingekuwa imeegeshwa mlangoni pangu tayari kuruka, wangemfukia makaburini Kikowani mimi ningali juu ya mawingu ya Afrika, na nikishashuka Nairobi bado ningedaiwa safari ya Mombasa.

Nilimzika kwa simu, nikiwa nimesimama jikoni saa tatu asubuhi. Binamu yangu aliishika chini kwa kuwaheshimu watu, kwa hiyo niliona miguu tu, kanzu zilizokunjwa hadi magotini, na mchanga ukiteleza kutoka kwenye jembe. Talakini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, niliisikia yote. Bega langu, ambalo alilibebesha ndoo za maji tangu nina miaka sita, halikugusa jeneza lake.

Unayejiandaa kuja huku, usipime umbali kwa saa za ndege. Tiketi ya leo kwa leo huweza kumeza mshahara wa mwezi, na ile nafuu ya kupitia Doha au Addis Ababa huweza kupita saa 20 ukijumlisha kungojea. Weka nauli ya msiba kando, usiiguse kwa lolote, na pasipoti isikwishe muda ukiwa hujui. Wapo wenzetu ambao maombi yao ya ukaazi hayajajibiwa. Hao nauli wanayo, ila wakitoka huenda wasiruhusiwe kurudi, nao pia huambiwa wamesahau kwao.

Nimekwisha kata tiketi ya Desemba. Nimemwomba Ami anipokee uwanjani Mombasa anipeleke Kikowani kwanza, kabla sijaingia nyumbani, naye amekubali.