Afua Iliyoshindwa au Afua Isiyotekelezwa?

Jaribio ninalolirejea mara kwa mara ninapofikiria utafiti wa uhamasishaji wa afya ni lile la COMMIT, lililofanyika Marekani na Kanada ili kuwasaidia watu kuacha sigara. Jumuiya 22 zilipangwa katika jozi 11, na katika kila jozi ikateuliwa kwa nasibu jumuiya moja ipewe afua, yaani mpango wa kubadili tabia, kwa miaka 4, nyingine ikibaki ya kulinganishia. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, wavutaji sugu walioacha walikuwa asilimia 18.0 palipokuwa na afua na asilimia 18.7 pasipokuwa nayo. Miongoni mwa wasiovuta sana, walioacha walikuwa asilimia 30.6 na 27.5.

Jumuiya nzima huteuliwa badala ya mtu mmoja mmoja kwa sababu tangazo la redio haliwezi kumfikia mkazi mmoja likamkwepa jirani yake. Hata hivyo, wakazi wa jumuiya moja hufanana kwa mengi, hivyo maelfu ya waliohojiwa hutoa ushahidi mdogo kuliko idadi yao inavyodokeza, na kuongeza jumuiya husaidia zaidi kuliko kuongeza watu ndani ya zilezile. Jambo hili niliambiwa mapema, nikalielewa baadaye sana.

Ugumu mwingine huanzia kwenye usanifu wa afua yenyewe. Mfumo wa COM-B, uliotolewa mwaka 2011 na mwanasaikolojia Susan Michie na wenzake, unadai kwamba tabia hutegemea uwezo, fursa na motisha, na mtafiti hutakiwa kubaini ni kipi kinachopungua kabla ya kuandika hata kipeperushi kimoja. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayoharakishwa kupita zote: mtu anayejua vyema faida za mazoezi, lakini hana muda wala mahali salama pa kutembea, huongezewa semina.

Afua isipoleta tofauti, huenda nadharia yake ilikosea, au ilikuwa sahihi lakini haikutekelezwa kama ilivyopangwa, na kipimo cha mwisho peke yake hakiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo kabla ya kusoma majedwali ya matokeo, mimi hutafuta taarifa za utekelezaji: ni vikao vingapi vilivyofanyika kati ya vilivyopangwa, nani alihudhuria, na mwezeshaji aliruka sehemu gani. Mara nyingi huzikuta kwenye viambatisho, na wakati mwingine sizikuti kabisa.