Nyumba ya midoli ya mwaka 1908: karai limenirudisha nyuma

Wiki ya 1

Plaiwudi ya milimita 6 imeshakatwa na kupigwa msasa, na stoo nzima inanuka gundi. Kipimo ni 1:12, yaani sentimita 12 za kweli zinakuwa sentimita moja. Najenga nyumba ya familia ya kitajiri huko mashambani Norfolk, Uingereza, enzi za mfalme Edward wa Saba (1901–1910). Sebule za wakubwa wengi wameshazijenga. Mimi nataka siku ya mtoto wa miaka mitano ndani ya nyumba ile, kwa hiyo nimeanzia juu kabisa, kwenye chumba cha watoto alikotawala yaya.

Dirisha nimelitia nondo za waya. Kwetu Dar nondo ni za mwizi; kule ziliwekwa ili mtoto asidondoke. Mbele ya meko kuna wavu mrefu wa kukinga moto, na juu yake soksi mbili zimeanikwa. Hizo soksi zimenichukua jioni nzima.

Wiki ya 3

Farasi wa kubembea amenitoa jasho. Miguu imevunjika mara mbili, na madoa yake ya kijivu nimeishia kuyapaka kwa kichwa cha njiti ya kiberiti. Dubu wa manyoya anaruhusiwa, kwa sababu dubu hao walianza kutengenezwa Ujerumani na Marekani mnamo 1902 na 1903. Safina ya Nuhu imekaa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto: katika nyumba nyingi za aina hii ilishushwa Jumapili tu, vitu vingine vyote vikiwa vimefungiwa.

Mezani nimeweka bakuli la wali wa maziwa, mkate na siagi. Jamu iko mbali kidogo, maana kipande cha kwanza kililiwa na siagi tupu. Mdogo wa kiume wa yule mtoto wa miaka mitano, mwenye miaka mitatu, amevaa gauni. Binti yangu amecheka sana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Suruali ilisubiri mpaka mtoto afikishe miaka minne, mitano au zaidi.

Kuhusu wazazi, nimeamua: sebule yao haitajengwa, nitaweka mlango tu. Mtoto alioshwa, akachanwa nywele, akavalishwa nguo safi na kushushwa kwao kama saa 11 jioni, akakaa nao saa moja hivi, kisha akarudishwa juu kwa yaya. Chumba cha saa moja kwa siku hakinilii plaiwudi yangu.

Wiki ya 5

Karai la kuogea! Kabla ya kulala mtoto aliogeshwa mbele ya moto, ndani ya karai la bati. Bafu za mabomba zilikuwa zimeshaingia nyumba kadhaa kubwa, ila matajiri wengi wa mashambani hawakuona haraka ya kuzilipia. Nimemwomba fundi bati wa mtaani, yule wa koroboi, anikatie kopo la nyanya na kunilehemia. Limetoka zuri: urefu sentimita 7.5, upana sentimita 4. Linavuja kidogo kwenye kona.

Nilipiga hesabu. Mtoto anahitaji kama lita 40 za maji. Kwa kipimo changu ujazo unagawanywa kwa 1,728, kwa hiyo ni kijiko kikubwa kimoja na nusu. Nikamimina, nikapiga picha, nikafurahi.

Jumamosi maji yakakatika mtaani. Nipo kwenye ngazi, dumu la lita 20 mkononi, nimepumzika ghorofa ya pili, ndipo ikanijia: lile karai langu linajazwa na nani? Na anapita wapi? Nyumba niliyoijenga ina ngazi moja tu, ile pana yenye zulia, na hausigeli mwenye makopo ya maji moto hakuruhusiwa kupita pale.

Ile nyumba ya midoli ya Malkia Mary wa Uingereza pale kasri la Windsor, iliyochorwa na mbunifu majengo Edwin Lutyens na kukamilika 1924, nayo ni 1:12, lakini mabomba yake yanatoa maji ya kweli. Mwenzangu alikwepa tatizo.

Wiki ya 6

Nimekata. Ukuta wa upande wa kushoto umetoka, pamoja na karatasi ya maua niliyoibandika kwa siku tatu. Chumba cha watoto kimepungua sentimita 6 na kabati la vitabu limekosa nafasi.

Ngazi ya nyuma ina upana wa sentimita 5. Kutoka jikoni mpaka juu ni mita 9 za kweli, kila kidato sentimita 20, jumla vidato 45. Kopo likibeba lita 10, ni safari nne za kupanda, halafu maji machafu yanashuka njia ileile. Kazi hiyo iliangukia msichana msaidizi wa yaya au hausigeli mwingine, na wengi wao walikuwa watoto pia: sheria ya 1899 iliruhusu kuacha shule ukiwa na miaka 12.

Mlango unaotenganisha upande wa familia na wa watumishi ulifunikwa kitambaa cha sufu cha kijani ili kelele na harufu za jikoni zisipenye. Ni kitambaa kilekile cha meza ya biliadi, na baa ya jirani walikuwa wanabadilisha chao. Ni kinene mno kwa kipimo hiki. Nimekinyoa kwa wembe mpaka vidole vikauma.

Wiki ya 8

Vidato 31 vimegandishwa, vimebaki 14. Karai limerudi kwa fundi. Msichana nimemfinyanga wiki hii: miaka 13, aproni nyeupe, mikono ya waya. Mkono wa kulia umekunjwa tayari kwa kopo, lakini bega limeinuka upande usio sahihi. Ukibeba maji, bega la upande wa mzigo linashuka. Kesho nampinda upya. Kitanda chake bado sijajua nakiweka wapi, maana darini nilishajaza paa.