Mchezaji Niliyemzidisha

Leo alfajiri mama watoto alipokuwa akisaga mchele wa vitumbua aliouroweka jana, harufu yake mbichi ilinipeleka hadi Dahanu, kaskazini mwa Mumbai, kwenye ukuta niliouharibu mwaka 2011.

Nilikuwa nimetoroka masomo Pune ili kumsindikiza mwenzangu wa darasani, ambaye ni Mwarli, mtu wa kabila la wenyeji wa huko, kwenye harusi ya dada yake. Ya njiani tuyaache. Ndani, wanawake walioolewa walikuwa wakichora chauk, mraba anamokaa Palaghat, mungu wao wa kike, na harusi haifungwi kabla haujachorwa. Huko sikuwa na nafasi, wala sikulalamika. Ukuta wa nje, hata hivyo, ulikuwa umekandikwa udongo na samadi ya ng'ombe kama kuta za fito za nyumbani kwa bibi yangu Muheza, na mwenzangu alinitoa hofu kwamba tangu Jivya Soma Mashe, mzee mchoraji wa kijiji cha Ganjad aliyetunukiwa Padma Shri, nishani ya serikali ya India, mwaka huohuo, mwanamume kuchora si ajabu tena.

Nyanya yake alitafuna ncha ya kijiti cha mwanzi hadi ikachambuka nyuzinyuzi, akanikabidhi kikiwa bado kina mate. Nilikichovya katika uji mwepesi wa unga wa mchele, nikagundua kwamba rangi ile ni ya hila: ukiipaka huonekana kama maji matupu, na weupe wake hujitokeza inapokauka. Pembetatu mbili zilizogusana ncha zikawa kifua na nyonga, kiduara kikawa kichwa kisicho na macho wala mdomo. Nyanya alikwisha kumchora mpiga tarpa, lile zumari la kibuyu, na wachezaji walioshikana wakimzunguka kwa mstari uliojiviringa kama gamba la konokono. Mimi, nilipoona mkiani pamebaki uwazi, niliongeza wachezaji watatu, na wa mwisho nikamshikisha mkono wa mwenzake wa mbele kabisa, duara likafunga. Nilijiona fundi.

Nyanya alitazama kimya. Kisha alilowesha kidole gumba, akamfuta yule wa mwisho polepole kuanzia kichwani, hadi likabaki doa jekundu lenye unyevu, halafu akasema sentensi moja kwa lugha yao, baraza zima likaangua kicheko. Mwenzangu alicheka kuliko wote, akakataa kunitafsiria.

Baadaye nilisoma maelezo mazito kuhusu mzunguko usio na mwisho, lakini nashuku kwamba bibi yule aliwacheka tu wachezaji niliowachora kwa miguu yao mifupi. Mwaka jana nilimpigia simu mwenzangu nikamuuliza. Sentensi ameisahau, anachokumbuka, alisema, ni kwamba wali niliongezewa mara tatu.